Mgeni Rasmi Acheze na Yeye!

Naandika kutoka kwenye baridi la Edinburgh. Nilikuwa kimya wiki mbili hizi kwa sababu ya insha za kufungia muhula, na pia kwa sababu ya jambo ambalo limenigombanisha na nusu ya marafiki zangu wa nyumbani. Ijumaa ya juzi nilikwenda kwenye dansi rasmi la Kiskoti. Gauni refu la kitenge, viatu laini vya kufunga kamba, kilti kila kona, kodiani na fidla mpaka usiku wa manane. Nikawatumia washkaji picha tatu tu. Majibu niliyopata, mama yangu! "Umeshakuwa mzungu." "Tumekutuma ukasome ualimu, wewe unacheza ngoma za wakoloni." Mmoja, tena tumesoma naye darasa moja la ualimu huko nyumbani, akaandika kwa herufi kubwa tupu: UMEUZA UTAMADUNI.

Sawa. Leo sijibu kwa hasira (hasira ziliisha Jumapili), najibu kwa hoja. Na hoja yenyewe naiweka mezani mapema ili asiyetaka kusoma mpaka mwisho aondoke nayo: utamaduni hauuzwi na anayecheza ngoma ya mwenzake. Unauawa na asiyefundisha ngoma ya kwao. Na sisi walimu, walio kazini na sisi tunaojiandaa, ndio tumeshika kisu.

Kwanza mjue nilikwenda kufanya nini, maana naona wengi mnadhani ni disko lenye watu waliovaa sketi. Huku kuna aina mbili za kucheza. Kuna ceilidh, tamka "keili", ambayo ni ya kila mtu: harusi, sherehe za chuo, hata kuchangisha fedha. Pale anakuwepo mtu wa kuita hatua, anawaelekeza kabla ya muziki kuanza, mkikosea mnacheka, mnaendelea. Halafu kuna hili dansi rasmi. Hili si la kuvamia. Unapewa karatasi yenye orodha ya ngoma zote za usiku ule wiki kadhaa kabla, na unategemewa uwe umezisoma. Siku yenyewe kiongozi anasimama, anapitia hatua kwa maneno, haraka haraka kama mtu anasoma matokeo ya mpira, halafu bendi inapiga kodi moja, mnainamiana, mmeshaanza.

Mnasimama mistari miwili, wanaume huku wanawake kule, kwa kawaida jozi nne kwa kila kundi. Jozi ya kwanza inaongoza, inazunguka namba nane kuwapita wenzao, inashikana mikono kama gurudumu, inateremka chini, na kila jozi itapata zamu yake ya kuongoza. Hapo ndipo panaponoga kwa mwalimu: hakuna wa kukaa nyuma. Ukiwa umesimama tu pembeni, bado una kazi, maana wanaoongoza watakupa mkono wakipita na usipoutoa kundi zima linavunjika. Kuna ngoma za haraka, rili na jigi, na kuna ya taratibu inayoitwa strathspey, jina la bonde moja huko kaskazini. Hiyo ya taratibu ndiyo inayotesa miguu. Nilihudhuria mazoezi kila Jumanne tangu Oktoba, na tiketi ilinila pesa ya chakula cha wiki nzima. Kwa hiyo anayesema nilikwenda "kupoteza muda" ajue niliupoteza kwa mpango.

Sasa tuje kwenye "ngoma za wakoloni".

Kitu cha kwanza, hizi ngoma zenyewe si za Waskoti watupu. Majina ya hatua na mizunguko yao mengine ni ya Kifaransa: pas de basque, poussette, allemande. Mistari ile mirefu ya kuangaliana ilikuwa inachezwa Uingereza pia. Kilti je? Mwaka 1746 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kupiga marufuku mavazi ya watu wa milimani baada ya uasi wao kushindwa, na sheria hiyo haikufutwa mpaka 1782. Mwaka 1822 mfalme George wa Nne akaja hapa Edinburgh, mwandishi Walter Scott akaandaa mapokezi, na mfalme mwenyewe akavaa kilti! Vazi lililokuwa la "waasi" likawa vazi la ikulu. Mwanahistoria Hugh Trevor-Roper alikwenda mbali zaidi, akaandika kwamba kilti fupi ya leo ilibuniwa na mwenye kiwanda cha chuma kutoka Uingereza katika karne ya 18. Wapo wanaombishia, tena kwa ukali. Lakini je, mmewahi kumsikia Mskoti akivua kilti siku ya harusi yake kwa sababu ya kitabu hicho? Thubutu.

Na sasa jambo ambalo wanaonitukana hawalijui. Kitabu hicho cha mwaka 1983, chenye sura ya Trevor-Roper kuhusu Waskoti, kina sura nyingine kuhusu Afrika ya kikoloni, na aliyeiandika ni Terence Ranger. Huyu Ranger ndiye aliyekuwa ameandika, mwaka 1975, kitabu kizima kuhusu ngoma yetu ya beni. Beni! Babu zetu wa Mombasa, Lamu, Dar es Salaam na Tanga waliona bendi za jeshi za wazungu, wakachukua tarumbeta, ngoma, gwaride, vyeo na sare, wakatengeneza vyama vyao vya kucheza na kushindana. Bara tulikuwa na Marini na Arinoti. Na Mombasa vyama viwili vikubwa vilivyokuwa vinapimana ubavu viliitwa Kingi na... Skochi. Ndiyo, Skochi, kama Waskoti! Miaka karibu mia kabla yangu, Waswahili wa Mombasa walikuwa wanacheza kwa jina la Uskoti barabarani mchana kweupe. Waliuza utamaduni? Serikali za kikoloni wala hazikuona hivyo. Ziliingiwa na wasiwasi kwa jinsi beni ilivyosambaa kutoka mji hadi mji, watu wa makabila tofauti wakijipanga wenyewe chini ya viongozi wao wenyewe. Na ukienda leo kandokando ya Ziwa Nyasa utakuta mganda, yenye asili ya gwaride hilohilo, inaitwa ngoma ya jadi, na ni ya jadi kweli, maana kuna vijiji ambavyo vimeicheza kizazi baada ya kizazi.

Kwa hiyo tuache hii habari ya damu safi. Ngoma inakuwa ya kwenu kwa kuichezacheza na kuirithisha. Hakuna njia nyingine.

Na hapo ndipo Waskoti wanatupiga bao, na bao lenyewe limefungwa na MWALIMU. Msikilize hii. Mwanzoni mwa karne ya 20 ngoma hizi zilikuwa zinapotea. Vijana walikuwa wanataka mitindo mipya ya mjini, kama vijana wa popote. Mwaka 1923 wanawake wawili, Ysobel Stewart na Jean Milligan, wakaitisha mkutano Glasgow na kuanzisha chama cha kuzihifadhi. Bibi Stewart alikuwa anataka kitabu cha ngoma ambacho wasichana wa girl guide wangeweza kukitumia. Na Milligan alikuwa nani? Hakuwa malkia wala mwanamuziki maarufu. Alikuwa mkufunzi wa elimu ya viungo katika chuo cha ualimu cha Jordanhill. Mkufunzi wa walimu, jamani! Mwaka 1924 kitabu cha kwanza kikatoka. Mwaka 1927 wakaanza mafunzo ya kiangazi kule St Andrews, na mpaka leo watu wanatoka Japani, Kanada na Australia kuja kujifunza. Chama kinatoa vyeti vya kufundisha, kwa mitihani. Mwaka 1951 kikapewa hadhi ya kifalme. Huyu mama alijua kitu ambacho sisi hatutaki kukijua: ngoma haiokolewi na semina ya siku mbili hotelini na posho. Inaokolewa na mwalimu wa kawaida anayejua hatua na anayeingia darasani Jumatatu.

Muhula huu nilipelekwa kuangalia masomo katika shule moja ya msingi hapa. Ilikuwa Desemba, na kama ilivyo kawaida ya shule nyingi huku, kipindi cha michezo kabla ya Krismasi kinageuka kipindi cha ngoma. Watoto wa miaka kumi na kumi na moja. Wavulana wanavuta mikono ya sweta mpaka ifunike vidole ili wasiguse mikono ya wasichana, ha ha ha! Mwalimu hakuhubiri kuhusu "urithi wa taifa letu" hata dakika moja. Aliwapanga, akahesabu hadi nane, akawasha redio. Kulikuwa na mtoto wa Kipoland, mtoto wa Kipakistani, wawili kutoka Nijeria. Wote ndani ya mstari. Hakuna aliyeulizwa ukoo wake. Wiki ya pili sweta zilishasahaulika na walikuwa wanamsahihisha mwalimu.

Sasa linganisheni na kwetu. Mwaka juzi nilifanya mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya sekondari huko nyumbani. Ngoma ilikuwepo, sitadanganya. Ilikuwepo siku ALIPOKUJA MGENI RASMI. Wiki moja kabla, wasichana ishirini wakatolewa vipindini, wakafundishwa hatua tatu na kibwagizo chenye jina la mgeni ndani yake. Siku yenyewe wakapangwa juani saa tatu asubuhi. Mgeni akafika saa saba na nusu. Wakacheza dakika nne. Mgeni akatabasamu, akatoa noti, akaenda kukaa kwenye hema lenye feni. Keshoyake hakuna aliyeitaja tena ile ngoma, na wale wasichana walichojifunza ni kwamba ngoma ni kazi ya wadogo kuwaburudisha wakubwa.

Hapo ndipo ninapotaka tubishane, maana naamini hili ndilo linaloua. Katika ukumbi ule wa Ijumaa nilicheza na mzee wa umri wa babu yangu, mwenye magoti mabovu na adabu nyingi, aliyeniongoza kwa macho tu bila kunivuta. Baadaye nikaambiwa ni profesa mstaafu. Jozi iliyofuata ilikuwa fundi bomba na binti yake. Wakubwa wa chama waliofungua usiku kwa matembezi ya jozi jozi kuzunguka ukumbi ndio haohao waliokuwa wanatoka jasho kama mimi saa sita usiku. Kwao mgeni rasmi anacheza. Kwetu mgeni rasmi anatazama. Ngoma ambayo wenye heshima hawaichezi haiwezi kubaki na heshima, hata tukiandika sera kurasa mia mbili.

Na wala halikuwa hivyo tangu zamani. Usukumani kwetu, ambako vyama vya Bagika na Bagalu vimeshindana kwa zaidi ya miaka mia, aliyekuwa anacheza ni mkulima aliyemaliza mavuno, tena mtu mzima mwenye mji wake. Kijiji kizima kinagawanyika, kila upande na manju wake. Bugobogobo ni ngoma ya majembe, ya watu wanaolima shamba kwa pamoja. Nani aligeuza vitu hivi vikawa pambo la uwanja wa ndege?

Tusisingizie kwamba hatukuonywa. Kijana mmoja mwalimu alisoma katika mji huu huu ninaoandikia, kuanzia 1949 mpaka alipopata shahada mwaka 1952. Mnamjua. Desemba 1962, akiwa Rais wa Jamhuri changa, alilihutubia Bunge na kutangaza wizara mpya ya utamaduni na vijana. Aliwakumbusha wasomi wenzake kwamba shuleni walifundishwa nyimbo za Wazungu, kwamba wengi wanajua rumba na cha-cha-cha na hata waltz, halafu akauliza ni wangapi wanaijua gombe sugu au lelemama. Zaidi ya miaka sitini imepita. Badilisha rumba uweke amapiano, swali liko palepale. Angalizo: Mwalimu hakusema rumba ni dhambi. Alishangaa kwamba tunajua ya wenzetu na hatujui ya kwetu. Mnaonirushia maneno mmeshika nusu ya kwanza ya somo mkatupa ya pili. Nawauliza nyie wenye herufi kubwa: taja ngoma moja ya kwenu unayoweza kuicheza kuanzia mwanzo hadi mwisho. Moja tu. Nasubiri.

Najua majibu yatakayokuja, ngoja niyapokee mlangoni.

Mtasema: makabila zaidi ya mia, tufundishe ipi? Fundisha ya hapo ulipo. Ukipangiwa Newala, muite mzee wa Newala. Ukipangiwa Songea, tafuta anayeijua lizombe. Halafu ongeza moja ya mbali, ili mtoto wa Kimakonde aonje bugobogobo na wa Kisukuma aonje sindimba.

Mtasema: nyingine zina mambo ya unyago, nyingine viuno, wazazi na viongozi wa dini watalalamika. Ni kweli, si kila ngoma ni ya darasani, na za unyago zina wenyewe na mahali pake. Lakini kuchagua ni kazi ya mwalimu kila siku, hata kwenye fasihi. Hapa nawapa nyinyi silaha dhidi yangu mwenyewe: chama cha Milligan kinalaumiwa huku kwamba kilizinyoosha ngoma za kijijini mpaka zikawa za sebuleni, kila kidole cha mguu kimenyooka kwa rula. Lawama hiyo ina ukweli, niliuona ule usiku. Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa anakagua miguu ya wageni kwa macho kama msimamizi wa mtihani. Tusiige hilo. Ngoma inayochezwa kwa woga wa kukosea nayo imeanza kufa. Ila afadhali ngoma iliyonyooshwa kupita kiasi unayoweza kuikunja tena, kuliko ngoma iliyobaki kwenye picha ya kalenda.

Mtasema: mitihani. Hii ndiyo inaniudhi kuliko zote, maana inatoka midomoni mwa walimu. Neno sanaa limo kwenye mtaala. Kinachokosekana ni mwalimu aliyefundishwa. Katika miaka yangu yote ya ualimu huko nyumbani nimesoma saikolojia ya elimu, falsafa ya elimu, upimaji na tathmini. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia simama, toa mguu wa kulia. Tuna chuo cha sanaa Bagamoyo tangu 1981, kina watu wanaojua kazi. Ni vyuo vingapi vya ualimu vinawaita waje wakae muhula mzima na walimu watarajiwa?

Na mtasema: sisi ni maskini, hayo ni mambo ya walioshiba. Basi sikilizeni habari ya mwisho. Moja ya ngoma tulizocheza Ijumaa inaitwa Reel of the 51st Division. Ilitungwa na maofisa wa Kiskoti waliokamatwa na Wajerumani Juni 1940 kule St Valéry-en-Caux, Ufaransa, wakafungwa kambini Laufen. Wafungwa wa vita, wana njaa, hawana wanawake wa kucheza nao, hawajui watarudi lini. Wakapanga hatua ambazo katikati yake wachezaji wanashikana mikono kwa mshazari na kufanya umbo la msalaba wa Mtakatifu Andrea, ule wa kwenye bendera yao. Leo ni kati ya ngoma zinazopendwa sana, na nilipokuwa mkono wa tatu katika ule msalaba sikujiona nimeshiba wala nimetawaliwa. Niliona watu wanane wanaofanya kitu ambacho kingelikufa pale kambini kama mmoja asingeandika hatua zake na mwingine asingekubali kuzifundisha.

Kwa hiyo mapendekezo yangu ni matatu, mafupi. Kila chuo cha ualimu kifundishe walau ngoma mbili kwa vitendo, na mtu asihitimu bila kuzicheza. Kila shule iwe na kipindi kimoja kwa wiki ambacho wote wanacheza, na mwalimu mkuu akiwemo. Na ngoma ya kumpokea mgeni rasmi ifutwe, isipokuwa kwa sharti moja: avue koti, aingie katikati, acheze na yeye.

Nikirudi Juni naanza na bibi yangu Magu. Ana hatua ambazo hajamfundisha mtu kwa sababu hakuna aliyemuomba. Daftari nimeshanunua.

Wenye mawe rusheni, wenye hoja leteni. Na yule wa herufi kubwa, bado nasubiri ile ngoma yako moja.

Naomba kutoa hoja.